Mwandiko Mzuri, Hukujibu Swali

Mimi ni Karani Mwandishi Daraja la Tatu katika Wizara ya Elimu, Sherehe na Mapazia, na kwa amri ya wakubwa wangu nimeagizwa kuandika maisha na urithi wa marehemu Mwalimu Anselmi Mtweve, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Washika Chaki. Jina la nchi yetu sitalitaja. Linatafutwa jina zuri zaidi, na kamati iliyokwenda ng'ambo kulitafuta bado haijarudi.

Maagizo niliyopewa ni mafupi. Kitabu kiwe kurasa arobaini, kwa wanafunzi wa darasa la tano. Migogoro yote iitwe mashauriano. Marehemu aonekane akitabasamu, na katika ukurasa wa mwisho aseme kwa kinywa chake kwamba ameridhika. Nilipouliza picha ya Mwalimu Mtweve akitabasamu nitaipata wapi, niliambiwa nisihangaike, mchoraji wa Wizara ameshaimaliza. Nimeiona. Mdomo ni wa mtu mwingine, nadhani wa Mkurugenzi wa Mapazia, lakini masikio ni ya Mwalimu kabisa. Nayajua kwa sababu alinifundisha miaka mitatu, na alipokuwa akiandika ubaoni, masikio yake ndiyo tuliyokuwa tukiyatazama.

Jambo moja zaidi kuhusu cheo changu. Karani wa Daraja la Tatu ndiye anayetunza muhuri wa Wizara. Wakubwa hawapendi kuchafua vidole kwa wino.

*

Mwalimu Mtweve alianza kazi katika Shule ya Msingi Majengo Mapya, ambayo ilifunguliwa rasmi kabla ya kujengwa. Utepe ulikatwa katikati ya mihogo, bendi ikapiga, wageni wakala, wakaondoka. Baada ya miaka miwili shule ilipewa jengo lake la kwanza, ghala la zamani la karanga. Hata mimi niliposoma pale harufu ilikuwa haijatoka, na kuanzia saa nne asubuhi darasa zima tulikuwa tukimeza mate.

Ghala hilo lingetosha watoto arobaini. Mwalimu alikabidhiwa mia mbili na kumi na wawili. Tulikaa juu ya madawati, chini ya madawati, na madirishani. Mwalimu alikuwa na sauti kubwa, lakini sauti ya mtu mmoja ina mwisho wake. Mwezi wa Novemba alipita nyuma kabisa, akamwuliza msichana mmoja aitwaye Skola swali dogo la kujumlisha. Skola akajibu, "Ndiyo, mwalimu." Akaulizwa jingine, akajibu vilevile. Ndipo ilipojulikana kwamba mtoto yule alikuwa hajasikia hata neno moja tangu Januari. Alikuwa akiwatazama wenzake wa mbele, wakisimama anasimama, wakiitikia anaitikia, na katika ripoti yake ya nusu mwaka aliandikiwa kwamba ana nidhamu nzuri.

Siku shule zilipofunguliwa mwaka uliofuata, Skola hakurudi. Mwalimu alilia, na sisi tulimwona, ingawa kitabuni nimeagizwa kuandika kwamba alikuwa na mafua.

Jioni hiyohiyo aliandika barua kwa Wizara. Ilikuwa na swali moja: "Darasa moja liwe na watoto wangapi? Naomba wasizidi hamsini." Barua ilikwenda kama barua zote za walimu zinavyokwenda, kupitia kwa Mwalimu Mkuu, kupitia kwa Mratibu wa Kata, kupitia kwa Afisa wa Wilaya, kupitia kwa Afisa wa Mkoa, na kila ilipopita iligongwa muhuri. Jibu lilifika baada ya miezi kumi na minne. Lilisema: "Barua yako imepokelewa kwa furaha na inafanyiwa kazi. Serikali inathamini sana mchango wa walimu, hasa katika msimu huu wa mvua."

Mwalimu alikuwa na rundo la madaftari mbele yake na kalamu nyekundu mkononi. Sijui kama alikusudia au mkono ulijiendea wenyewe. Aliisahihisha ile barua. Chini yake akaandika: "9/100. Mwandiko mzuri. Hukujibu swali. Rudia." Kisha akairudisha ilikotoka, kupitia kwa, kupitia kwa, kupitia kwa.

*

Hapa lazima nieleze Kanuni ya Tisa ya Majalada, maana bila kanuni hii Mwalimu Mtweve angekuwa mwalimu tu kama wengine.

Katika nchi yetu karatasi iliyogongwa muhuri haitupwi. Unaweza kumtupa aliyeiandika, na hilo hufanyika, lakini karatasi itabaki. Swali lililofika Wizarani likiwa na muhuri huwa hai mpaka mwuliza swali atoe alama ya kufaulu, yaani hamsini au zaidi, na jibu lililofaulu lazima litekelezwe. Akifa, kalamu humwangukia mjane wake au mgane wake. Kanuni hii iliandikwa na wakoloni kwa ajili ya mambo ya ng'ombe, na wote waliotaka kuifuta waligundua kwamba nayo imegongwa muhuri.

Basi Wizara ikajikuta imeshika karatasi yenye mihuri minane na tisa kwa mia. Maafisa wote ilikopita walikuwa wameweka sahihi bila kusoma, kama ilivyo desturi, kwa hiyo kwa maandishi Serikali yenyewe ilikuwa imekubali kwamba imefeli. Na wakubwa wetu wote wamepitia shule zilezile, chini ya kalamu zilezile. Katibu wa Wizara, mtu mzima mwenye kitambi na dereva, alipoliona lile neno "Rudia" alifunga mlango, akachomoa karatasi mpya, akachora mstari wa pembeni kwa rula.

Alirudia. Akapata kumi na moja.

Habari zikasambaa. Walimu wa shule nyingine wakaanza kusahihisha waraka wowote uliowafikia, kuhusu likizo, kuhusu sare, kuhusu namna ya kuwapungia mkono wageni. Hawakugoma hata siku moja. Walifundisha asubuhi, wakasahihisha Serikali mchana, na kufikia mwisho wa muhula maofisini watu walikuwa hawana nafasi ya kutawala kwa sababu ya masahihisho. Mwaka huo Washika Chaki walimchagua Mwalimu Mtweve kuwa Katibu Mkuu wao. Hotuba yake ya kukubali ilikuwa na sentensi mbili. Alisema ahsanteni, kisha akasema kengele imelia warudi madarasani.

*

Katika mwaka wa nane wa swali, Mheshimiwa Waziri Rajabu Kiwelu, ambaye ndiye Waziri wetu hata leo, aliamua kujibu mwenyewe. Aliandika kurasa kumi na sita. Alieleza historia ya elimu tangu Misri ya kale, akanukuu hotuba zake sita, akamalizia kwa shairi la kumsifu Baba Mlezi wa Taifa.

Barua ilirudi na alama nne. Chini, kwa wino mwekundu, Mwalimu alikuwa ameandika: "Hukujibu swali. Unajaza kurasa. Njoo na mzazi."

Wizara ilitikisika. Wanasheria waliitwa. Mmoja alisema ni uhaini, mwingine alisema ni utaratibu. Mheshimiwa mwenyewe alikula chakula cha mchana nusu sahani. Jumatatu iliyofuata, saa mbili kasoro asubuhi, magari kumi na moja yaliingia Majengo Mapya, na katika gari la katikati aliketi Waziri, na kando yake mama yake mzazi, Bi. Mwanaidi, wakati huo ana miaka sabini na minne, kavaa kanga mpya na uso wa mtu aliyeitwa shuleni.

Mimi nilikuwapo. Ndiyo kwanza nimeajiriwa, na siku hiyo nilibeba mkoba wa Mheshimiwa.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Waziri mlangoni. Lilimtoka lenyewe. Alikuwa amemzidi Mwalimu miaka mitatu.

"Marahaba. Karibu, mama. Kaa hapa kwenye kiti. Wewe Rajabu, simama tu."

Bi. Mwanaidi aliketi, akafungua mkoba wake, akatoa miwani. "Mwalimu, mimi nimeitwa. Nilimwuliza huyu njiani amefanya nini, akaniambia ni mambo ya sera. Tangu mdogo ndivyo alivyo, ukimwuliza nani kavunja chungu anakwambia habari za upepo. Kafanya nini?"

"Hajafanya, mama. Hilo ndilo tatizo." Mwalimu akamwonyesha swali lililoandikwa ubaoni, kisha akamkabidhi zile kurasa kumi na sita.

Mama yule alisoma zote. Ilichukua saa nzima na dakika kadhaa, na watoto mia mbili na kumi na wawili walinyamaza kimya, jambo ambalo halijatokea tena pale ghalani. Alipomaliza alivua miwani.

"We Rajabu."

"Naam, mama."

"Umeulizwa darasa liwe na watoto wangapi. Misri inaingiaje hapa?"

"Mama, ni muktadha..."

"Nitakupa muktadha mimi! Tazama watoto wa watu walivyobanana humu. Yule pale kakaa dirishani kama kuku. Ungekaa wewe hivi, leo ungekuwa na gari? Mjibu Mwalimu."

Waziri alitazama sakafu. Alisema, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tena bungeni, kwamba Serikali italifanyia kazi. Mama yake akasonya. Nimeagizwa kuandika kwamba ziara ile ilikuwa ya kirafiki na ilihitimishwa kwa muziki.

*

Nisije nikaonekana nalaumu tu. Serikali yetu ni sikivu, na baada ya ziara ile ilichukua hatua.

Hatua yenyewe ilikuwa rangi. Mafundi walitawanywa nchi nzima na makopo ya rangi nyeupe, na katika kila darasa lililojaa walichora sakafuni mistari miwili inayokatana. Darasa moja likawa madarasa manne. Baba Mlezi wa Taifa alifungua madarasa mapya elfu kumi na nane kwa siku moja, bila kuweka tofali hata moja, na wataalamu kutoka nchi za nje walikuja kupiga picha. Katika hotuba yake alisema kwamba mataifa mengine yanajenga kuta kwa sababu yana ufinyu wa mawazo.

Kukawa na kanuni zake. Mwalimu akitoka darasa moja kwenda jingine alitakiwa kuinua mguu juu ya mstari, asiuburuze, ili kuulinda. Ubao ulikuwa mmoja, ukaitwa ubao wa pamoja. Mtoto ambaye dawati lake lilikaa juu ya mstari alihesabiwa kuwa amesajiliwa pande zote mbili, na ndiyo maana mwaka ule takwimu za uandikishaji zilipanda sana. Pale katikati, mistari inapokutana, aliketi mtoto mmoja aliyekuwa wanafunzi wanne. Alifaulu mara mbili, akafeli mara moja, na mara moja akahamishwa shule.

Aliyefundisha madarasa manne ya Majengo Mapya alikuwa Mwalimu Generosa, mke wa Mwalimu Mtweve. Mumewe alikwishaondolewa darasani ili, kama barua ilivyosema, apumzishe sauti. Wizara ilipomwandikia kumjulisha kwamba swali lake limejibiwa kwa rangi, alikwenda ghalani, akahesabu vichwa kimoja kimoja, akapata mia mbili na kumi na wanne. Akaandika: "22/100. Mchoro mzuri. Hukujibu swali. Rudia."

Baada ya hapo walimkamata. Shtaka lilikuwa kusahihisha Serikali bila kibali. Hakimu, ambaye alikuwa mwanafunzi wake, alisimama mshtakiwa alipoingia mahakamani, na mahakama nzima ikabidi isimame. Mwalimu aliomba kuiona hati ya mashtaka, akaazima kalamu, akaonyesha makosa kumi na saba. Alifungwa miezi minane. Gerezani alifundisha wafungwa asubuhi na askari jioni, na barua ya kumwachia huru ilipotoka ilipata sabini na moja, ambayo ni alama kubwa kuliko zote zilizowahi kupatikana na ofisi ya Serikali. Baadaye iligundulika kwamba iliandikwa na mfungwa.

Alirudi nyumbani amekonda. Swali lilikuwa palepale. Miaka ikapita, barua zikaenda na kurudi, na barua ya sitini na nne ndiyo iliyokaribia zaidi. Ilikiri kwamba watoto wapo. Aliipa thelathini na nane.

*

Mwalimu Mtweve alifariki siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, akiwa kwenye foleni ya kupeleka barua kupitia kwa Mratibu wa Kata. Alikuwa wa tatu kwenye mstari. Wa nne alimshikia nafasi yake kwa muda kabla ya kuelewa.

Kufikia saa saba mchana, Serikali ilikuwa imempenda. Redio ilimwita Nguzo, Taa na Mzazi. Bendera zilishushwa. Barabara ya gereza alilofungiwa ikapewa jina lake. Waziri Kiwelu alitangaza kwamba yeye na marehemu walikuwa ndugu wa damu katika kalamu, na kwamba Serikali itagharamia mazishi yote pamoja na mahema.

Jioni niliitwa ofisini kwake.

"Tindo," alisema, "swali sasa liko mikononi mwa mjane."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kanuni ya Tisa."

"Nimeandika barua ya sitini na tano. Hii ni ya rambirambi. Nani atamfelisha mtu aliyeandika rambirambi? Nataka mia. Ikishindikana kabisa, hamsini. Tukifaulu tu, jalada linafungwa, na wewe unamalizia kitabu chako na lile neno la kuridhika."

Alinipa barua ndani ya bahasha ya dhahabu. Alinipa na bahasha nyingine, ya kahawia, niitumie kama itahitajika. Ilisema kwamba nyumba ya shule waliyokuwa wakiishi ilitolewa kwa jina la marehemu, na kwamba mjane anatakiwa kuihama ndani ya siku kumi na nne, kwa heshima zote. Iwapo jalada litafungwa, ataishi humo maisha yake yote, na mlangoni kutawekwa kibao.

Nilimkuta Mwalimu Generosa darasani. Nilidhani atakuwa nyumbani na waombolezaji. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, anafundisha mgawanyo, anavuka mistari huku ameinua mguu. Watoto walisimama kunisalimu, na kwa kuwa hawawezi kusimama wote kwa wakati mmoja, salamu ilikuja kwa zamu kutoka mbele kwenda nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, Tindo. Nimeshapoa. Kaa."

Nilikaa kwenye dawati, magoti yakagusa kidevu. Harufu ya karanga ilikuwa bado ipo. Nilimpa bahasha ya dhahabu. Alisoma barua taratibu, kisha akawageukia watoto.

"Swali lile pale ubaoni linasemaje?"

"Darasa moja liwe na watoto wangapi!" waliitikia.

"Sikilizeni jibu." Akawasomea: "Marehemu atakumbukwa daima kama mwanga usiozimika katika anga la taifa letu tukufu."

Mtoto mmoja wa dirishani akanyoosha kidole. "Mwalimu, hajajibu."

"Ahsante. Keti."

Hapo ndipo nilipotoa bahasha ya kahawia. Nasema wazi kwamba niliona aibu, na sikumtazama usoni. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kopo la chaki.

"Nimekaa nyumba ile miaka ishirini na mitatu," alisema. "Nimepanda ndimu pale mlangoni. Anselmi alikuwa akisahihishia chini yake." Alijipangusa chaki vidoleni. "Mwambie Rajabu nitatoa alama. Lakini nitaitoa siku ya mazishi, mbele za watu."

Waziri alifurahi mno. Aliagiza kamera tatu zaidi.

*

Mazishi yalifanyika kwenye uwanja wa Majengo Mapya, chini ya mahema ishirini. Walimu walikuja kutoka kila wilaya, kila mmoja na kalamu nyekundu mfukoni mwa shati, na polisi walizikusanya langoni kama silaha. Mbele kabisa waliketi wakubwa, na miongoni mwao, kwa sababu ya umri na itifaki, aliwekwa Bi. Mwanaidi, sasa ana miaka tisini na mitatu, kafunikwa shuka miguuni.

Waziri aliisoma barua ya sitini na tano kwa sauti ya kutetemeka. Alimwita marehemu Mto, Mlima na Daraja. Alisema kwamba Mwalimu amekwenda akijua kuwa ndoto zake zimetimia kwa asilimia kubwa na zilizobaki ziko kwenye mchakato. Alisema kwamba swali kubwa la marehemu lilikuwa la kifalsafa, na falsafa haijibiwi kwa namba. Wakubwa walipiga makofi, ingawa ilikuwa mazishi.

Kisha afisa mwenye glavu nyeupe akaleta mto wa mahameli, na juu yake kalamu nyekundu, ile ya marehemu yenyewe, iliyofungwa utepe. Mwalimu Generosa akasimama. Akaifungua, akaweka ile barua juu ya jeneza la mumewe, maana hapakuwa na meza, akaanza kusahihisha. Kamera zikasogea. Walimu maelfu walisikiliza kalamu inavyokwaruza.

"Amepata ngapi?" aliuliza Bi. Mwanaidi kwa nguvu. Masikio yake hayakuwa mazuri tena, na alidhani kila mtu yuko hivyo.

Mwalimu Generosa alisoma alichoandika. "Mbili. Mwandiko mzuri. Hukujibu swali. Njoo na mzazi."

"Mzazi nipo!" alisema Bi. Mwanaidi. Akatupa shuka, akasimama bila kushikwa, akatembea mpaka pale jenezani hatua kwa hatua, na hakuna askari aliyejua kanuni ya kumzuia. "Rajabu! Nimeitwa shuleni kwa ajili yako mara mbili, na mara zote mbili kwa swali lilelile! Mwalimu wa watu amekufa anasubiri. Sema namba."

Waziri alifungua mdomo. Namba ilikuwa pale ulimini, na wengi tuliokuwa karibu tungeapa kwamba tuliona imefika kwenye meno. Akamtazama mwakilishi wa Baba Mlezi. Akasema, "Mama, mchakato..."

Bendi ya polisi ikapiga kwa nguvu. Matangazo yakakatika, ukawekwa wimbo wa mavuno.

Mwalimu Generosa alihama nyumba siku ya kumi na nne. Alikwenda kwa dada yake na mabegi mawili na mche wa ndimu ndani ya ndoo. Kila asubuhi anatembea saa moja na nusu kwenda ghalani kufundisha.

*

Mimi niliandika kitabu kama nilivyoagizwa. Kurasa arobaini, tabasamu, mashauriano. Katika ukurasa wa mwisho marehemu alisema ameridhika, tena nilimwekea alama ya mshangao. Lakini utaratibu wa Wizara unataka kitabu cha marehemu kipite kwa familia yake, kwa hiyo nikampelekea Mwalimu Generosa. Kilirudi baada ya wiki mbili. Kurasa zote zilikuwa nyekundu. Mwishoni aliandika: "Tindo. Mwandiko mzuri, tangu utotoni. Hukujibu swali. Rudia."

Nilikaa na karatasi zile siku tatu. Nina miaka arobaini, nina mke, nina cheo, ingawa kidogo. Nilimkumbuka Skola, niliyekaa mbele yake mwaka mzima bila kugeuka kumwambia mwalimu anasema nini. Hilo sikuwahi kumweleza mtu. Ningegeuka mara moja kwa siku, ingemtosha.

Basi nimerudia. Haya unayoyasoma ndiyo marudio yenyewe, na nimeyaandika kwenye karatasi ya Wizara yenye nembo, kwa sababu ndiyo karatasi niliyopewa. Darasa moja liwe na watoto wangapi? Hamsini. Wasizidi.

Chini ya neno hilo niligonga muhuri; haya yanayofuata nimeyaongeza baadaye. Niliugonga vizuri, katikati, wino ukakolea, kisha nikapeleka karatasi kupitia kwa, kupitia kwa, kupitia kwa, na kila afisa aliweka sahihi bila kusoma. Ilifika kwa Mwalimu Generosa siku ya Alhamisi. Sitasema nilipata ngapi. Nitasema tu kwamba hakuandika "Rudia".

Sasa Wizarani kuna jibu la Serikali lenye mihuri tisa na alama ya kufaulu, na kwa Kanuni ya Tisa jibu lililofaulu lazima litekelezwe. Kila mkubwa anadhani mkubwa mwenzake ndiye aliyeagiza, na hakuna anayetaka kuonekana hajui. Wiki iliyopita lori moja la matofali lilimwaga mzigo wake Majengo Mapya. Ni lori moja tu, na nchi yetu ni kubwa. Hata hivyo watoto walitoka madirishani kwenda kuyahesabu.

Leo asubuhi nimepokea barua ya kufukuzwa kazi. Ni ndefu. Inazungumzia uzalendo, mshikamano na umuhimu wa mapazia, lakini haisemi popote kosa langu ni lipi. Nimeisoma mara mbili. Kisha nimevuta kiti, nimechukua kalamu nyekundu, nimeipa kumi na moja kwa mia.